UZI: Mashuka ya pamba halisi na pamba hai hapa Uganda – kuyatambua, kuyashona, kuyatunza

Mshonaji_Wandegeya

Wadau, salaam. Uzi huu ni wa mashuka, foronya, taulo na vitambaa vingine vya nyumbani vya nyuzi za asili. Naomba tuongee kwa vipimo, maana maneno matamu yamejaa madukani tayari.

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo wauzaji huyapika chungu kimoja. Kuna *uzi wa asili*: pamba, kitani, sufu, hariri, sufi (ya mti wa msufi). Kuna *pamba hai*, yaani pamba iliyolimwa bila mbolea na dawa za viwandani. Halafu kuna *kitambaa kizuri*, ambacho ni suala la ufumaji na uzito. Shuka laweza kuwa la pamba hai tupu na bado likatoboka katikati kabla ya mwaka kwa sababu limefumwa kilegevu. Na laweza kuwa imara miaka kumi na lisiwe na chembe ya pamba.

Neno "cotton" kwenye pakiti ya madukani Kikuubo, Kampala, ni neno tu mpaka uzi wenyewe uthibitishe. "Cotton feel", "cotton touch", "cotton rich" na "Egyptian quality" hayasemi kwamba ni pamba. Soma asilimia iliyoandikwa kwenye lebo iliyoshonewa pindoni, si ile ya kwenye picha ya nje.

Kipimo cha moto ndicho cha kwanza. Chomoa nyuzi mbili: mmoja wa mtande (unaokwenda sambamba na kingo nene za kitambaa) na mmoja wa mshindio (unaokatiza). Kila mmoja sentimita 5 zatosha. Ushike kwa kibanio juu ya sahani ya bati yenye maji kidogo, mbali na pazia, kisha uusogeze polepole kwenye mshumaa kutoka pembeni. Angalia unafanya nini *kabla* haujashika moto.

Pamba haiukimbii moto. Hushika mara moja, mwali wa manjano, na ukiitoa ncha hubaki na kaa jekundu linalotambaa. Harufu ni ya karatasi inayoungua. Majivu ni mepesi, ya kijivu, ukipuliza yanapeperuka. Kitani hufanya vivyo hivyo, polepole kidogo.

Poliesta hujikunja na kurudi nyuma, huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na mwisho wake ni tone linalogumu kama shanga nyeusi. Usiliguse hadi lipoe. Linanata kwenye ngozi na kuunguza. Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua na hujizima zenyewe.

Mchanganyiko ndio hudanganya watu. Unawaka kama pamba, unanuka karatasi, lakini ukisugua majivu yaliyopoa kati ya vidole unakuta punje ngumu. Hiyo punje ni poliesta. Ndiyo maana nasisitiza nyuzi mbili: kuna vitambaa ambavyo mshindio ni pamba na mtande ni mchanganyiko, na anayechoma uzi mmoja anaondoka ameridhika bure.

---

Nabweru_Mpya

Asante dada. Lakini muuzaji gani atakubali nichome mali yake? Na pakiti nyingi zimefungwa kwa plastiki.

---

Mshonaji_Wandegeya

Ndugu, humchomei mali. Seti nyingi huja ndani ya mfuko mdogo ulioshonwa kwa kitambaa kile kile. Pindua mfuko huo: ndani ya mshono mna nyuzi zinazoning'inia. Mwombe muuzaji uzikate mbili, uzichomee nje. Kwenye kitambaa cha kupima kwa mita, kama pale Kiyembe, ni rahisi zaidi, kwani ncha ya robota imejaa nyuzi zilizolegea.

Akikataa kabisa, finya kona ya shuka ngumini kwa sekunde kumi kisha achia. Pamba hubaki na makunyanzi yanayoonekana wazi. Poliesta hunyooka kana kwamba hukuigusa. Ila jihadhari na pamba iliyoandikwa haihitaji pasi: imepakwa utomvu wa kiwandani unaozuia mikunjo, mara nyingi wa jamii ya fomaldehaidi, kwa hiyo itanyooka ingawa ni pamba. Anayetafuta kitambaa kisicho na kemikali aiache hiyo.

Kipimo cha tone la maji, yaani kuangalia kama kitambaa kinalinywa, usikiamini kwa kitambaa kipya. Pamba mpya yenye wanga wa kiwandani au mafuta ya kulainisha hukataa maji, na maikrofaiba (nyuzi nyembamba mno za poliesta) iliyotiwa dawa huyanywa vizuri. Kipimo hicho kina maana baada ya kufua mara mbili.

---

Kyambogo_Nguo

Niongeze la mianzi, maana ndilo linalouzwa kwa bei ya juu kuliko yote na watu wanadhani wanalalia mmea. Shuka la "bamboo" karibu kila mara ni viskosi. Mti unasagwa, unayeyushwa kwa sodiamu haidroksaidi na kaboni disalfaidi, kisha majimaji yanasukumwa kupitia vitundu vidogo yakatoka nyuzi. Malighafi ni mmea, kiwanda ni cha kemikali. Kipimo cha moto hakitakusaidia hapa kwa sababu viskosi ni selulosi kama pamba: inawaka sawa, inanuka sawa, majivu sawa.

Tofauti utaiona kwenye maji. Chukua uzi mkavu uuvute mpaka ukatike, kisha mwingine uloweke dakika mbili uuvute. Pamba iliyolowa ni imara kuliko kavu. Viskosi iliyolowa hukatika kirahisi. Hiyo pia ndiyo sababu mashuka haya hayafai kwa ufuaji wetu wa beseni na kukamua kwa nguvu. Ni laini, yanapendeza, lakini ukiyasokota yakiwa yamelowa unayavunja nyuzi kila Jumamosi.

---

Hesabu_ya_Nyuzi

Watu wa namba, hii ndiyo sehemu yangu.

Hesabu ya nyuzi ni jumla ya mtande na mshindio ndani ya inchi moja ya mraba. Kuipima nyumbani: toboa dirisha la sentimita 1 kwa 1 kwenye kadi, liweke juu ya kitambaa dirishani penye mwanga, piga picha kwa simu, kuza, hesabu. Ukipata 40 mtande na 36 mshindio, zidisha kila moja kwa 2.54: unapata 102 na 91, jumla kama 193. Hilo ni shuka la kawaida zuri.

Kati ya 180 na 300 pamba ya uzi mmoja mmoja hulalika vizuri kabisa. Ukiona 800, 1000, 1200, jua kwamba uzi uliosokotwa kwa nyuzi ndogo mbili au nne umehesabiwa mara mbili au nne. Nafasi ya inchi moja haitanuki kwa ajili ya tangazo. Shuka la namna hiyo ni zito, halipitishi hewa, na kwa joto la Kampala au Lira utaamka umelowa.

Bora kuliko hesabu ya nyuzi ni *uzito*, na mizani ya jikoni inatosha. Zidisha urefu kwa upana kwa mita, kisha gawanya gramu kwa jibu hilo. Shuka la sentimita 240 kwa 270 lina mita za mraba 6.48. Likiwa na gramu 780, hiyo ni 120 kwa kila mita ya mraba: safi. Chini ya 100 litakonda haraka pale mabega na nyonga zinapolala. Maikrofaiba nyingi za bei rahisi ziko chini ya hapo, ndiyo maana pakiti yake ni nyepesi mkononi ukilinganisha na ya pamba ya ukubwa uleule. Nenda dukani na mizani ndogo ya kuning'iniza kama unanunua seti nyingi, usione haya.

Kuhusu ufumaji: ule wa kawaida, juu moja chini moja, ambao wauza mashuka huuita perkeli, ni mkavu mkononi, unapitisha hewa na unavumilia brashi. Ufumaji wa satini ya pamba unaruka juu ya nyuzi nne na kupita chini ya moja. Unang'aa na ni mlaini, lakini zile nyuzi ndefu za juu hukwaruzwa na kufanya vipele vya nyuzi kwa kusuguliwa. Kwa nyumba inayofulia mikono, chagua wa kawaida.

---

PambaYaLango

Mmesema vizuri kuhusu uzi. Sasa la pamba hai, ambalo kwa Uganda lina historia yake na lisichukuliwe kijuujuu.

Pamba ya biashara imekuwa ikilimwa nchini tangu 1903. Aina yetu ya BPA ina nyuzi za urefu wa kati kwenda mrefu na huchumwa kwa mkono, jambo linaloifanya iwe safi. Pamba hai yenye cheti ilianza Lango, kaskazini mwa nchi, miaka ya 1990, na baadaye Acholi. Wakulima wa kule hutegemea kubadilisha mazao, na hata sisimizi weusi wanaokula viwavi vya vitumba, badala ya dawa ya kunyunyizia. Ni kazi ngumu, ya jembe na palizi, na anayelipa bei ya ziada kwa shuka anapaswa kujua fedha hiyo inahusu nini.

Lakini sehemu kubwa kabisa ya pamba yetu huuzwa nje ikiwa marobota, haijasokotwa. Viwanda vinavyosokota na kufuma hapa ni vichache: kile cha Nytil pale Jinja kilichoanza 1954, na Fine Spinners ya Bugolobi. Kwa hiyo "pamba ya Uganda" na "shuka la Uganda" si kitu kimoja. Shuka lililoshonwa Kampala linaweza kuwa la kitambaa kilichofumwa Asia.

Sasa alama, maana ndizo zinazotuchanganya:

GOTS hufuata pamba kutoka kwenye kiwanda cha kuchambua hadi cherehani, na huangalia pia rangi, kemikali na mazingira ya wafanyakazi. Lebo ikisema tu "organic", angalau asilimia 95 ya nyuzi ni za kilimo hai. Ikisema "made with organic", angalau 70. Lazima iwe na jina la shirika lililokagua na namba ya leseni. Namba hiyo hutafutwa bure kwenye tovuti ya GOTS. Kama nembo ipo na namba haipo, hesabu kwamba nembo haipo.

OCS hufuatilia kiasi cha pamba hai tu. Haisemi lolote kuhusu rangi au dawa za kiwandani.

OEKO-TEX Standard 100 hupima kama bidhaa iliyokamilika ina mabaki ya sumu. *Si* alama ya kilimo hai. Shuka la poliesta tupu laweza kuwa nayo kihalali kabisa. Daraja la I ndilo la watoto walio chini ya miaka 3.

Kilimohai ni alama ya Afrika Mashariki inayotokana na kiwango cha 2007, na hasa utaikuta kwenye mazao ya shamba, si kwenye mashuka.

Na msidhani cheti ni karatasi ya mapambo. Mwaka 2008 nyumba za Apac na Oyam, huko Lango, ziliponyunyiziwa DDT dhidi ya malaria, wanunuzi wa mazao hai waliacha kununua huko, kwa sababu pamba huhifadhiwa ndani ya nyumba hizo hizo kabla ya kuuzwa. Mkulima hakuwa amenyunyizia shamba lake tone moja. Mnyororo ukikatika pahala pamoja, umekatika.

---

Nabweru_Mpya

Basi mtu asiyeweza kumudu GOTS afanyeje?

---

Mshonaji_Wandegeya

Anunue amerikani, ile pamba isiyopaushwa wala kutiwa rangi. Haithibitishi shamba lilivyolimwa, lakini imeruka hatua za kupausha, kupaka rangi na kumalizia, ambako kemikali nyingi za nguo hutumika. Kwa mtu mwenye ngozi inayowashwa upesi hiyo ni hatua kubwa kwa fedha kidogo. Inahitaji tu kuandaliwa, na hapa ndipo wengi huharibu.

Amerikani mbichi ina wanga kwenye mtande, ina nta ya asili ya pamba, na ina vidoa vya maganda ya mbegu. Iloweke usiku kucha kwenye maji mengi ya baridi. Asubuhi maji yatakuwa na utelezi, yamwage. Kisha ichemshe saa moja kwenye lita 20 za maji kwa kila kilo ya kitambaa, pamoja na vijiko 4 vya chakula vya magadi ya kufulia (si yale ya kuumulia mandazi) na sabuni ya mche iliyokunwa, kama robo kipande. Geuza kwa mti safi. Maji yatageuka rangi ya chai. Suuza, na kama bado ni ya chai nzito, rudia.

Usitumie sufuria ya alumini kwa kazi hii. Magadi huila alumini, sufuria inakuwa nyeusi na kitambaa kinapata madoa ya kijivu. Tumia chuma kisichoshika kutu au sufuria ya enameli isiyobanduka. Ukiwa na alumini tu, chemsha kwa sabuni peke yake mara mbili. Vaa glavu.

Kitambaa hiki kitaruka, yaani kitapungua: kwa urefu tegemea hadi asilimia 10, kwa upana kama 5. Ndiyo maana unakifua *kabla* ya kukata. Fundi anayekata kwanza anakuachia shuka lisilofika miguuni.

Hesabu ya kitanda cha futi 5 kwa 6, godoro la inchi 8. Godoro ni sentimita 152 kwa 183, unene 20. Upana wa shuka: 152, jumlisha 20 na 20 za unene, jumlisha 20 na 20 za kuchomekea = 232. Urefu: 183 + 40 + 40 = 263, na pindo la kichwani 9 na la miguuni 4 = 276.

Kitambaa cha inchi 60 kina kama sentimita 150, na baada ya kuruka hubaki kama 142. Nunua mita 6.2, uifue kwanza; ikiruka asilimia 10 inabaki sentimita 558, ukate vipande viwili vya 279 kila kimoja. Kipande cha kwanza kiwe katikati, kizima. Cha pili kikatwe mikanda miwili ya sentimita 47, mmoja kutoka kila ukingo, na ukingo wa kiwandani ukae nje ili usihitaji kupindwa. Unganisha kwa mshono wa kulaza, ule wa kwenye suruali za jinzi, ukila sentimita 3 kwa kila kiungo. Unapata 230, zile mbili zilizopungua zinaliwa na sehemu ya kuchomekea. Kamwe usiunganishe nusu mbili katikati: mshono utakaa chini ya uti wa mgongo.

Sindano namba 14, mshono wa milimita 2.5.

Foronya ya mto wa 50 kwa 70: ukanda mmoja wa 54 kwa 166. Hiyo ni 70 + 70 + mkunjo wa ndani 20 + pindo mbili za 3. Hakuna zipu wala kifungo. Kitambaa cha upana wa 240 kilichokwisha kufuliwa kinatoa foronya nne kwa mita 1.75.

---

Bugisu_Mvua

Dada Mshonaji, nakuheshimu, lakini mnaidharau polikotoni, ule mchanganyiko wa pamba na poliesta. Mbale mwezi wa nne na wa tano mvua hainyeshi, inamwagika. Shuka la pamba tupu halikauki siku mbili, linaanza kunuka ukungu. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu hukauka jioni ile ile na hauhitaji pasi sana. Mahoteli hayautumii kwa ujinga.

---

Hesabu_ya_Nyuzi

Ni kweli, na sababu yake ni hii: kwenye hewa ya kawaida ya maabara pamba hushika maji kama asilimia 8.5 ya uzito wake, kitani 12, sufu karibu 16, poliesta 0.4. Kisichoshika maji hukauka upesi. Lakini ni tabia hiyo hiyo inayofanya jasho libaki juu ya ngozi yako usiku. Huwezi kupata moja bila nyingine.

Angalia tu mchanganyiko unaonunua. Ukiona 65/35, mara nyingi 65 ni poliesta. Nao una ugonjwa wake: pamba huchakaa kwanza, vipande vyake hujiviringa, na nyuzi za poliesta zilizo imara huvishikilia. Hivyo vipele havitoki. Kwenye pamba tupu kipele hukatika chenyewe kwa kufua.

Kwa mvua ya Mbale ningesema pamba nyepesi ya gramu 110 hadi 115, ufumaji wa kawaida. Hukauka mapema kuliko ile ya 150.

---

Mama_Kasese

Na pasi, Bugisu, usiiite anasa. Nzi wa maembe jike hutaga kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini, na msimu wa mvua ndio wake. Mabuu huingia ngozini na kufanya jipu. Shuka ni hatari kuliko nguo zote kwa sababu mwili unalala juu yake saa nane. Anika kwenye kamba, juani, usitandaze kwenye majani wala ua, kisha piga pasi pande zote mbili. Pindo na mishono ndiyo husahaulika, na ndiko unyevu hubaki: kandamiza pale hadi mvuke ukome kutoka.

Pamba na kitani huvumilia nukta tatu za kwenye pasi, yaani kama nyuzijoto 200. Polikotoni mbili, 150. Poliesta moja, 110, na ukizidisha inang'aa na kushikana. Kwa mwenye pasi ya makaa isiyo na kipimo, hapo pamba ndiyo salama.

---

Kigezi_Baridi

Kabale tusisahaulike, kule usiku ni baridi ya kweli. Shuka la pamba lile lile, lakini juu yake blanketi ya sufu. Mablanketi mengi mazito yenye manyoya ni akriliki au poliesta. Chomoa uzi, uchome. Sufu ifuliwe maji baridi, sabuni isiyo kali, bila kusugua wala kukamua. Maji moto na msuguano huigandanisha ikawa ngumu na ndogo, na hairudi. Ihifadhi ikiwa safi kabisa, kwa kuwa nondo hufuata jasho na mafuta.

---

Owino_Daima

Mivumba, yaani mitumba, haijatajwa na ndiko pamba nzuri iliko. Mashuka ya zamani ya Ulaya yana uzito ambao siku hizi hupati. Soma lebo: *Baumwolle*, *coton*, *katoen*, *bomull*, *algodón*, *cotone* yote ni pamba. *Leinen*, *lin* na *lino* ni kitani, ukikuta hiyo usiulize mara mbili. Uganda hatulimi kitani, na kile kipya kinachoitwa "linen" dukani aghalabu ni poliesta yenye vinundu, au wanamaanisha mashuka tu kwa jumla.

Shika shuka juu kuelekea mwanga pale katikati. Ukiona giza na mwanga kwa mabaka, limekonda. Vuta kwa mikono miwili, kwa urefu na kwa upana; likitoa sauti ya kuchanika, acha. Likiwa limekonda katikati tu na pembeni ni zima, nunua kwa bei ya chini ulipindue: likate katikati kwa urefu, unganisha kingo mbili za nje kwa kupishana sentimita 1 na mishono miwili, kisha kata sehemu iliyokonda ambayo sasa iko nje na upinde. Shuka la 240 hubaki kama 210, linalotosha kitanda cha futi 4. Mshono utakuwa katikati, ndiyo, lakini ni bapa kwa sababu kingo hazikunjwi.

Kunguni: mzigo uende moja kwa moja kwenye maji ya moto, nyuzi 60 na zaidi kwa nusu saa. Usiuweke kitandani wala kwenye kochi hata dakika moja.

---

Nabweru_Mpya

Mito je? Na kuna anayeuza vifuniko vya kitanda vya lubugo Masaka, ni sawa?

---

Kyambogo_Nguo

Mto wa asili ni sufi. Kwa 50 kwa 70 jaza gramu 800 hadi kilo moja, ndani ya mfuko wa marudufu au kitambaa kingine kizito kilichofumwa kwa kubana, maana sufi ni laini mno na hupenya amerikani. Ichambue kwa mkono utoe mbegu na maganda, ukiwa umefunika pua. Haifuliwi, hugandamana. Ianike juani kila wiki mbili na uipigepige. Inashika moto upesi sana, iwekwe mbali na mshumaa na tadooba (kibatari). Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekewe mto wowote, wa sufi au wa sponji.

Lubugo ni gamba la mti wa mutuba lililopondwa kwa nyundo za mbao, halikufumwa, na UNESCO iliutambua ufundi huo mwaka 2005. Ni kitu cha heshima. Ukiloweka na kusugua unakichana, kwa hiyo hakifai kugusa jasho la kila usiku. Kiweke kwenye ubao wa kichwani, ukutani, au kama kitambaa cha kati ya meza, pakavu.

Na kabla mtu hajauliza: chandarua chenye dawa kisibadilishwe na cha pamba. Dawa yake imeshikwa na nyuzi za poliesta au polithini, na kazi yake ni malaria. Kioshe kwa sabuni isiyo kali, kikauke kivulini.

---

Bugisu_Mvua

Nimekubali, gramu 110. Sasa madoa: vumbi jekundu na maji ya kisima yenye kutu. Mashuka meupe ya pamba yanakuwa rangi ya chungwa, na kila nikiongeza klorini yanazidi.

---

Mama_Kasese

Yanazidi kwa sababu ile ni chuma, na klorini huigeuza kutu kamili. Tena huila pamba yenyewe. Shuka linalotiwa klorini kila wiki hutoboka bila kuguswa.

Vumbi jekundu likung'utwe likiwa kavu, kisha lisuuzwe kwa maji baridi *kabla* ya sabuni. Doa la kutu lililobaki: kamua ndimu, changanya na chumvi ya unga iwe uji, paka, weka juani saa moja ukilinyunyizia lisikauke, suuza vizuri. Rudia mara mbili au tatu. Kitambaa cha rangi jaribu kwanza kwenye pindo. Ndimu au siki isikutane na klorini hata kidogo, ile hewa inayotoka hapo ni sumu. Kama ulishatia klorini, suuza mara tatu na uache hadi kesho.

Maji ya kisima yaache kwenye pipa lililo wazi usiku kucha. Kutu itashuka chini. Chota ya juu taratibu kwa kopo, na robo ya mwisho imwagie migomba.